Mafundi wa Udongo wa Shibam

Tofali la Shibam huanzia shambani. Mvua ikinyesha kwenye nyanda za juu za Hadhramaut, mashariki mwa Yemen, maji huteremka bondeni kwa kasi yakiwa yamebeba udongo laini, na wakulima huyaelekeza kwenye mitende na nafaka zao. Maji yakishanyweka, hubaki tabaka la udongo usio na kokoto. Huo ndio anaoufuata fundi. Huuchimba, huumwagia maji, huuchanganya na mabua ya nafaka yaliyokatwakatwa, kisha huukanyaga kwa miguu mpaka ushikane.

Mtazame anapofyatua tofali. Fremu ya mbao isiyo na kitako imelazwa kwenye ardhi iliyosawazishwa na kunyunyiziwa makapi ili tope lisigande. Fundi hutupa donge katikati na kulisukuma kwa vidole mpaka kwenye kona zote nne, maana kona yenye uwazi ndani ndiyo itakayomegeka kesho. Hupitisha kiganja juu kulisawazisha, kisha huinua fremu wima, bila kuyumba. Tofali hubaki limesimama kwa miguu yake. Tope lingezidi maji, lingetutumka na kutanuka; yangepungua, kingo zingechanika. Kipimo cha maji hakikuandikwa popote. Kimo mkononi mwake, na hubadilika kwa udongo wa kila shamba na jua la kila msimu. Fremu huhamishwa hatua moja pembeni, na safu huendelea mpaka uwanja wote umejaa matofali yanayoanikwa. Yakishakauka upande mmoja, husimamishwa kwa ubavu ili upepo upite pande zote. Hayapiti tanurini hata siku moja.

Kwa matofali hayo mabichi, mafundi wa Shibam wamejenga nyumba za hata orofa 7, baadhi zikifikia karibu mita 30 kwenda juu. Nyumba nyingi zinazoonekana leo ni za mtindo wa karne ya 16, baada ya mafuriko makubwa ya 1532 na 1533 kuuharibu mji. Shibam imekaa juu ya mwinuko mdogo katikati ya bonde, imezungushiwa ukuta, na mashamba yameizunguka. Kutanuka kungemaanisha kula shamba na kuingia kwenye njia ya maji. Basi wakajenga kwenda juu, nyumba zikiwa zimebanana, kila moja ikiitilia kivuli jirani yake. Mwaka 1982 UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Jinsi nyumba hiyo inavyosimama ni somo la subira. Msingi ni wa mawe. Juu yake ukuta huanza mnene, na hupungua unene kadiri unavyopanda. Matofali ya chini ni makubwa, ya juu ni membamba, ili mzigo upungue kila orofa. Ndiyo maana kwa nje kuta zinaonekana kulalia ndani kidogo. Fundi akishapandisha kimo fulani, husimamisha kazi. Udongo mbichi haubebi uzito. Lazima ukauke ndipo upewe mzigo mwingine. Mwenye nyumba mwenye haraka hujibiwa kwa kusubirishwa, na hakuna fundi anayejiheshimu atakayekubali kuharakishwa.

Orofa ya chini haina madirisha, na ni ya ghala na mifugo. Juu yake kuna vyumba vya wageni wa kiume, halafu vya familia, na juu kabisa ni dari za kupungia upepo. Nguzo, milango na madirisha hutengenezwa kwa mti wa jamii ya mkunazi, mgumu na wenye kustahimili. Katika orofa za juu kuna milango inayounganisha nyumba na nyumba, hivyo mama mzee anaweza kumtembelea jirani bila kushuka ngazi hata moja. Fundi aliyeweka mlango huo aliujua mji wake na watu wake.

Lakini ustadi wote uliotangulia ungeyeyuka kwa mvua moja kama si chokaa, na hapo fundi wa Lamu aliyewahi kuchoma matumbawe tanurini atajisikia yuko nyumbani. Mawe ya chokaa huchomwa, huzimwa kwa maji, kisha wafanyakazi huipiga chokaa hiyo kwa fimbo kwa muda mrefu, wakienda kwa mdundo mmoja, mpaka iwe laini na yenye kunata. Hupakwa juu ya dari, kwenye kingo na sehemu za juu za ukuta, halafu husuguliwa kwa jiwe nyororo mpaka ing'ae. Ule weupe wa vilele vya Shibam, unaopendeza sana kwenye picha, ni kinga ya mvua. Chini, mahali maji ya barabarani yanaporuka na kupiga ukuta, hupakwa chokaa iliyochanganywa na majivu. Na kwenye dari, milizamu ya mbao huchomoza mbali na ukuta ili maji yadondokee kichochoroni bila kulamba udongo.

Hapa ndipo ninapouona ukubwa wa ufundi huu. Maji ndiyo yaliyoleta udongo, maji ndiyo yaliyoukanda, na maji hayohayo ndiyo adui wa nyumba tangu siku ya kwanza. Fundi wa Shibam ni mtaalamu wa maji kabla ya kuwa mtaalamu wa kuta: anajua ayaingize kiasi gani, ayatoe kwa muda gani, na ayazuie wapi yasirudi. Tunaposema usipoziba ufa utajenga ukuta, kwake hiyo ni ratiba ya kazi. Chokaa ya dari isipopakwa upya kwa wakati wake, tone hupata njia, na orofa 7 huanza kulegea kutoka juu. Hata hivyo nyumba ikianguka, hakuna kinachopotea. Udongo wake huloweshwa na kufyatuliwa tena, au hurudishwa shambani.

Ufundi huu haukuishia Shibam. Huko Tarim, katika bonde hilohilo, mnara wa msikiti wa Al-Muhdhar umepanda takriban mita 50 kwa matofali ya udongo yaleyale. Na Washihiri, yaani watu wa Hadhramaut, waliohamia Mombasa, Lamu na Unguja, kama wenzao wa Java na Singapore, walituma nyumbani fedha zilizosaidia kujenga na kukarabati nyumba za bonde hilo. Kwa hiyo katika kuta za Hadhramaut limo pia jasho la pwani yetu.

Oktoba 2008 mafuriko makubwa yaliikumba Hadhramaut. Vita vilipozuka nchini, UNESCO iliiweka Shibam katika orodha ya Urithi ulio Hatarini mwaka 2015. Kabla ya hapo, mradi wa kuukarabati mji ulikuwa umepata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo mwaka 2007, na msingi wake ulikuwa mwepesi kueleza: wenyeji wasaidiwe gharama za kukarabati nyumba zao wenyewe, kwa mafundi wao wenyewe. Baadaye, hata vita vikiendelea, miradi ya UNESCO na Umoja wa Ulaya iliwalipa vijana kufanya kazi katika miji ya kale ya Yemen, Shibam ikiwamo.

Naamini huko ndiko kuuhifadhi mji. Nyumba ya udongo haiwezi kufungiwa na kulindwa kama kito cha makumbusho. Inataka mtu aishi ndani yake, apande darini kabla ya mvua, na amwite fundi. Atakayejaliwa kuizuru Shibam siku amani itakaporudi, aulize ni nani anayepiga chokaa msimu huu na ni vijana wangapi wanajifunza kwake. Jibu la swali hilo litamweleza zaidi kuhusu umri uliobaki wa mji kuliko kibao chochote cha langoni.