Lori Likaguliwe Kabla ya Kuoshwa

Semi inayotoka Tunduma na shaba ya Zambia huteremka Kitonga na kuruka matuta ya vijiji vingi kabla ya kuiona bandari ya Dar es Salaam. Ikiingia gereji, matajiri wengi huagiza ioshwe kwanza. Fundi springi anayeijua kazi yake huzuia maji. Anataka kuiona na uchafu wake, maana vumbi, kutu na grisi ndivyo vinavyomwonyesha chuma kinachocheza na kilichotulia.

Macho huanzia kwenye yubolti, zinazobana fungu la springi kwenye ekseli. Kutu nyekundu iliyochuruzika kutoka kwenye nati, au mstari unaong'aa pale chuma kinaposuguana na chuma, ni dalili ya kulegea. Zikilegea, senta bolti, ambayo kazi yake ni kushikilia mabamba ya springi na kuiweka ekseli mahali pake, hubebeshwa mzigo usiokuwa wake na kukatika. Mara nyingine springi yenyewe hupasuka kwenye tundu la bolti hiyo. Ekseli ikisogea, anayefuata nyuma huliona tela likienda upande.

Baada ya matengenezo, kazi nzuri hutambulika kwa vipuri vilivyobadilishwa. Yubolti iliyowahi kukazwa sawasawa imeshavutika, hivyo fundi makini hairudishi; huweka mpya. Springi iliyovunjika hachomelei. Chuma hicho kilipitishwa motoni na kupozwa kwa utaratibu ili kipinde na kurudi, na joto la kuchomelea huondoa uwezo huo. Ufa wa pili huanzia kando ya kiungo. Upande mmoja ukiwekewa fungu jipya, na wa pili huwekewa, lori lisije likainama.

Kazi ya kulipua ina alama yake: mabamba yaliyoongezwa ili lori libebe zaidi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, tani 24 kwa ekseli tatu zenye matairi 12, na tani 56 kwa gari zima. Bamba la ziada halibadilishi hesabu ya mizani. Linaifanya springi kuwa ngumu, na mshtuko ambao ingeumeza unapelekwa kwenye mabano na chesisi. Ndiyo maana mnunuzi wa lori kuukuu hutafuta nyufa na rangi mpya kuzunguka mabano hayo.

Shokapu hupimwa kwa mkono. Lori likitoka safari, shokapu nzima huwa na joto, kwa kuwa inageuza mtikisiko kuwa joto. Iliyobaki baridi huku wenzake wamepata moto imekufa. Mkono usogezwe taratibu, usije ukaungua. Ukungu mwembamba wa mafuta si tatizo. Mafuta yanayotiririka ni tatizo. Tairi lililolika kwa mabaka nalo huwa linamtaja mhalifu huyohuyo.

Bushi hujaribiwa kwa mtaimbo: pini ikiruka, bushi imekwisha. Kwenye grisi, fundi mzuri huinua chesisi kwa jeki ili uzito uondoke kwenye pini, kisha husukuma mpaka grisi chafu itoke na safi ifuate. Asipoinua, sehemu inayobeba mzigo hubaki kavu.

Hatimaye hupimwa ekseli ya tela, kutoka kingipini hadi ncha zake mbili. Tofauti ikizidi milimita 3 hivi, matairi yatalika bure.

Gereji nzuri hukaza yubolti kwa spana ya kipimo, lori likiwa limekaa kwa uzito wake, na kwenye karatasi ya kazi huandika lini lirudi kukazwa tena, kwa kawaida baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, mabamba yakishakaa. Tajiri anapoulizia bei, aulize pia kama kukaza huko kumo ndani ya malipo.