Mwinuko wa Chanzo Ndio Unaopanga Bajeti ya Maji

Njoro ni kata ya Manispaa ya Moshi yenye chemchemi zake, lakini mvua inayozilisha hunyesha mbali juu. Upande wa kusini wa Kilimanjaro hupata mvua nyingi zaidi katika ukanda wa msitu, kwenye mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Maji huzama ndani ya miamba ya volkano, husafiri chini ya ardhi, kisha huibuka kwenye mabonde. Barafu ya kilele cha Kibo huchangia kidogo sana. Ghala lenyewe ni msitu.

Kwa mpangaji wa huduma ya maji, jambo la kwanza kujua ni kama chanzo kiko juu ya wateja au chini yao. Maji yanayoibuka Njoro hayawezi kupanda yenyewe hadi mtaa wa Shanty Town au hospitali ya KCMC, iliyo juu zaidi. Ya chemchemi zilizo juu zaidi, kama Nsere na Shiri, hushuka mjini kwa mserereko. Tofauti hiyo huamua gharama za kila siku, na gharama za kila siku ndizo zinazopaswa kuamua aina ya fedha za kutafutwa.

Hesabu yake ni fupi. Kupandisha mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, hadi kimo cha mita 100 kwa pampu yenye ufanisi wa asilimia 65 hula takriban uniti 0.42 za umeme. Mji unaotumia mita za ujazo 1,000 kwa siku utalipia zaidi ya uniti 150,000 kwa mwaka, kabla ya klorini, vipuri na mshahara wa fundi.

Mserereko nao una madai yake. Kila mita 10 za mteremko huongeza msukumo wa takriban baa 1. Bomba likishuka mita 300 bila kukatizwa, maji yakisimama, sehemu ya chini hubeba baa 30, wakati mabomba mengi ya plastiki yanayolazwa katika miradi ya vijijini ni ya baa 10 au 16. Ndiyo maana njiani hujengwa matenki ya kupunguza msukumo. Anayeyafuta ili kubana bajeti ananunua mipasuko.

Wilaya ya Hai, ilipokuwa bado imebeba eneo ambalo leo ni Siha, ilionyesha namna ya kuunganisha hesabu ya mwinuko na ile ya fedha. Kuanzia miaka ya 1990, kwa fedha za Ujerumani kupitia benki ya maendeleo ya KfW, ilijengwa kwa awamu mitandao ya mserereko kama Uroki–Bomang'ombe, Losaa–KIA na Lawate–Fuka. Maji yalitolewa mlimani hadi tambarare kavu iliyo kando ya barabara ya Arusha. Msaada ulibeba ujenzi. Uendeshaji ukakabidhiwa vyombo vya watumia maji vyenye bodi zao, na dira zikafungwa hata kwenye vituo vya kuchotea, mwananchi akalipia ndoo yake. Kwa kuwa hapakuwa na ankara kubwa ya umeme, malipo hayo madogo yalikuwa na uwezo wa kulipa mafundi na matengenezo. Huo ni uamuzi wa kupongezwa: fedha za nje zililaza mabomba, na za watumiaji zikayatunza.

Mkoa huohuo wa Kilimanjaro una mfano wenye jiografia ya kinyume. Mradi wa Same–Mwanga–Korogwe huchota maji Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililo chini tambarare, huyasafisha na kuyasukuma kwa pampu kuelekea miji ya Same na Mwanga, iliyo juu yake. Ulianza mwaka 2014 kwa mikopo ya mifuko ya maendeleo ya nje, ikiwamo BADEA, OFID na ile ya Kuwait na Saudi Arabia, pamoja na fedha za serikali. Ulitarajiwa kukamilika mwaka 2017. Mikataba ya makandarasi ilivunjwa Desemba 2020, na awamu ya kwanza ikazinduliwa Machi 2025. Gharama, takriban shilingi bilioni 300, si saizi ya bajeti ya mji mdogo, na pampu zitaendelea kudai umeme miaka yote.

Baada ya msaada na mkopo, njia ya tatu ya kupata fedha ni soko la mitaji. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilitoa hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 kwa miaka 10 na riba ya asilimia 13.5, ili kuongeza uzalishaji kutoka lita milioni 45 hadi milioni 60 kwa siku. Riba pekee ni zaidi ya shilingi bilioni 7 kwa mwaka. Tanga ilithubutu kwa sababu ina wateja wengi wenye dira na hesabu zinazokaguliwa. Mji mdogo usio na mapato ya kuaminika hauna cha kumwonyesha mwekezaji.

Huo utaelekea kwenye Mfuko wa Taifa wa Maji, unaolishwa na tozo ya shilingi 50 kwa kila lita ya petroli na dizeli, na kwa wakala wa maji vijijini, RUWASA, ulioanza kazi Julai 2019. Fedha hizo zinajenga. Hazifai kutegemewa kubadilisha dira zilizokufa.

Kwa hiyo mpango wa mji wa mteremko huu uandikwe kwa mpangilio huu: kupima chemchemi mwezi mkavu kuliko yote, kuomba kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, huku mifongo, yaani mifereji ya asili ya wakulima, ikihesabiwa kama mtumiaji halali, kupima kimo cha kila tenki, kisha kujua maji yanapotelea wapi kabla ya kutafuta chanzo kipya. Mji unaozalisha mita za ujazo 1,000 kwa siku na kupoteza asilimia 40 ukishusha upotevu hadi asilimia 20 unapata mita 200 za ujazo kila siku bila kuchimba kisima. Kazi hiyo, ya dira, valvu na mafundi wa kusaka mivujo, ni rahisi kuliko bomba kuu jipya, na ndiyo inayostahili mstari wa kwanza wa bajeti ijayo.