Mvumo wa Amplifaya ya Valvu: Sikiliza Noti Kabla ya Kulehemu

Amplifaya ya valvu ikianza kuvuma, mafundi wengi hukimbilia kubadilisha kapasita. Kindu, ambako kipuri cha aina hiyo kinaweza kusubiri ndege au treni, kapasita ya volti 450 iliyoagizwa bure ni hasara kwa mteja. Fundi wa komuni ya Mikelenge, mjini humo, anaweza kuikwepa, kwa kuwa mvumo wenyewe unaeleza ulikotoka.

Anza na umeme. Ule wa SNEL, shirika la taifa la umeme, ni wa hezi 50, na jenereta ndogo huzifikia hezi hizo kwa mizunguko 3,000 kwa dakika; ikilemewa, noti ya mvumo hushuka nayo. Inverta za sola za bei rahisi hutoa wimbi la ngazi-ngazi linaloleta mkwaruzo mkali. Jaribu amplifaya kwenye chanzo kingine. Kelele ikiisha, usiifungue.

Ikibaki, chukua gitaa. Uzi mnene kuliko zote, ukibanwa kwenye freti ya tatu, hutoa sol ya hezi 98. Gitaa la besi, mahali palepale, hutoa hezi 49. Linganisha mvumo na noti hizo kupitia spika kubwa, maana spika ndogo huificha hezi 50.

Mvumo ukikaribia sol ya gitaa, ni hezi 100. Rektifaya kama EZ80 hutumia pande zote mbili za wimbi, hivyo hezi 50 huzaa mawimbi 100 kwa sekunde. Kapasita za kuchuja zikichoka, mawimbi hayo hufika kwenye spika. Mvumo ukikaribia sol ya besi, shuku filamenti, waya uliopita karibu na transfoma, au vifaa viwili vilivyounganishwa ardhini kwa njia mbili. Upande mmoja wa rektifaya ukifa, nao huleta hezi 50.

Sasa punguza sauti hadi sifuri. Mvumo ukitoweka, umeingia kabla ya kitufe hicho: kwenye waya wa kuingilia au valvu ya kwanza. Ukibaki, zima, chomoa valvu ndogo ya ECC83 inayoitangulia valvu ya nguvu, kisha washa tena. Ukinyamaza, kosa liko kwenye hatua ya valvu hiyo; usiponyamaza, chunguza valvu ya nguvu, kama EL84, na mfumo wa umeme. Usichomoe valvu hivyo kwenye redio zisizo na transfoma ya umeme, zenye valvu kama UL41: filamenti zake zimeunganishwa mfululizo, na chesisi yenyewe inaweza kubeba umeme wa ukutani.

Filamenti za volti 6.3 zinataka nyaya mbili zilizosokotwa kwa kubana, zikalazwa kwenye kona ya chesisi mbali na waya wa gridi. Transfoma isipokuwa na ncha ya katikati, weka rizista mbili za omu 100, moja kutoka kila waya hadi chesisi.

Kapasita zikithibitika kuwa mbovu, chomoa plagi, zimwage chaji kupitia rizista, kisha hakikisha kwa mita; volti 300 zinaweza kubaki humo na kuua. Weka thamani ileile iliyokuwapo. EZ80 haivumilii zaidi ya mikrofaradi 50 kwenye kapasita ya kwanza: ukiongeza ili kuua mvumo, kila ikiwashwa unailazimisha kubeba mkondo mkubwa, na unafupisha maisha ya valvu ambayo Kindu ni ngumu kuipata kuliko hiyo kapasita.