Sherehe ya Jazanda katika "Mnazi: Vuta N'kuvute"

Aghalabu mhakiki anapoliandikia shairi sherehe, huichukulia jazanda kama neno gumu: huipa kisawe kimoja, akaendelea. Upungufu wa mtindo huu hudhihirika katika "Mnazi: Vuta N'kuvute", shairi lililomo katika Sauti ya Dhiki (1973), diwani ambayo Abdilatif Abdalla aliitunga akiwa kifungoni kati ya 1969 na 1972. Humo Alii na Badi wanagombea mnazi. Kwa kuwa mshairi alifungwa kwa ajili ya waraka wa kisiasa, "Kenya: Twendapi?", ni rahisi kuandika pambizoni kwamba mnazi ni Kenya na kuamini kuwa kazi imekwisha.

Ufafanuzi huo si wa makosa, lakini haujibu swali la msingi: kwa nini mnazi, wala si shamba au nyumba? Hapa sherehe haina budi kurejelea maisha ya pwani. Mnazi hupandwa na kizazi kimoja ukavifaa vizazi vifuatavyo kwa nazi, makuti na tembo. Isitoshe, katika desturi ya pwani mti waweza kuwa na mwenyewe, na ardhi uliposimama ikawa na mwenyewe mwingine. Kwa hiyo jazanda hii inaibua suala la haki: kati ya aliyepanda, aliyerithi na anayekwea kuangua, nani mwenye mali? Kisawe "Kenya" hulizima suala hilo kabla halijaulizwa.

Anwani nayo yahitaji sherehe ya kisarufi. "Vuta" ni amri kwa nafsi ya pili. "N'kuvute", yaani nikuvute, ni jibu la nafsi ya kwanza. Majibizano yamekwisha kudokezwa. Lakini kiambishi -ku- hakirejelei mnazi, bali mtu. Mali iliyozusha ugomvi imetoweka katika kauli, wamebaki wavutanao. Msomaji anayetafuta mshindi kati ya Alii na Badi atakuwa amelipuuza onyo hilo: kinachoelekea kuanguka ni udugu.

Basi sherehe ya jazanda haipaswi kuwa orodha ya visawe. Yafaa ianze na kitu chenyewe na matumizi yake, ifuatie neno na viambishi vyake, ndipo ifikie siasa. Utaratibu huo hauipunguzi siasa ya Abdilatif. Kusema kwamba mnazi ni Kenya ni dai tu. Mnazi wa urithi ambao warithi wake wanavutana wao kwa wao ni hoja.