Tumbo la Kuvua

Kinyago cha mwili cha Wamakonde hakivaliwi usoni. Kinafungwa kwa kamba kifuani: matiti mawili, tumbo la mimba lililochomoza, kitovu, chale za urembo. Ukikigeuza, nyuma ni uwazi mtupu. Uwazi huo ni wa mwanamume. Yeye ndiye anayekivaa, anafunika uso kwa kinyago kingine, kisha anaingia kiwanjani kuigiza ujauzito mbele ya kijiji kizima, wakati wa kusherehekea vijana waliotoka jandoni na unyagoni. Upande wetu wa Ruvuma vinyago hivi vya ngoma huitwa midimu. Ng'ambo, Msumbiji, ni mapiko.

Vyuoni tunasoma kwamba kuuchezea mwili namna hii ni uvumbuzi wa wasanii wa majaribio wa Magharibi. Tunaoneshwa picha za Marcel Duchamp akiwa amevaa kike, alizopigwa na Man Ray mwanzoni mwa miaka ya 1920. Lakini Karl Weule alipita Newala mwaka 1906 na kurudi Leipzig na vinyago vya Wamakonde. Mchezo ulikuwepo tayari.

Hata hivyo, kutangulia peke yake si sifa ya kutosha. Mimi ni mwanamke. Nikikitazama kinyago hiki nacheka, kisha nasita. Kwa desturi, wanawake hawakupaswa kusema ni nani aliyemo ndani. Walitakiwa kuutazama mwili wao ukichezwa na mtu wasiyeruhusiwa kumtaja. Na tumbo linalovuliwa ngoma ikiisha si sawa na linalobebwa miezi tisa.

Ndiyo maana namrudia George Lilanga. Alizaliwa mwaka 1934 Kikwetu, Masasi, akajifunza kuchonga, na miaka ya 1970 akafika Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam. Wengi wakiwaona mashetani wake wenye masikio makubwa, midomo wazi na matumbo yaliyofura, husema ni katuni. Mimi naliona tumbo la midimu, ila limebadilika kazi. Kwa Lilanga, aghalabu wote wamevimba: anayenyonyesha, anayekunywa, anayecheza. Mara nyingi huwezi kutofautisha mimba na shibe, wala mume na mke. Hakuna aliyesimama pembeni na mwili ulionyooka akiwacheka wenzake. Kicheko kimegawanywa sawa, na hapo ndipo ninapoona ujasiri wake, zaidi ya rangi zake kali zinazosifiwa.

Sisemi kinyago kichomwe, wala kifichwe kwa aibu. Kinyume chake. Makumbusho hupenda kukitundika ukutani, matiti na tumbo vikitutazama, kana kwamba ni sanamu ya mwanamke. Mimi ningeomba kigeuzwe. Tuione ile kamba na ule uwazi, tukumbuke kuwa humo aliingia mtu, akacheza, akatoka. Kisha tuwaulize bibi zetu wa Newala na Masasi: ninyi mliokuwa mkitazama, mlikuwa mkimcheka nani?