Zamu, Si Rasimu: Tahakiki ya Lugha ya Kuuza Wachezaji

Muhula uliopita, katika somo la tafsiri, tulipewa habari fupi kuhusu mpira wa magongo wa barafuni wa Amerika Kaskazini. Klabu zilikuwa zikibadilishana nafasi siku chache kabla ya kuchagua vijana wapya. Wengi wetu tulikimbilia kamusi, tukakuta neno "rasimu", tukaandika kwamba klabu "ziliuza rasimu". Darasa zima lilicheka. Mimi nilikuwa nimeandika "ziliuza wachezaji", na hapo hakuna aliyecheka, kwa kuwa ndivyo tunavyosoma magazetini kila siku. Naona kosa langu lilikuwa kubwa zaidi.

Tangu 1963 klabu za ligi ya NHL huchagua vijana kwa zamu, na kwa desturi dhaifu hutangulizwa. Zamu ni mali ya klabu. Inaweza kuitoa kwa klabu nyingine ili ipate mchezaji wa leo. Mei 1970 Montreal Canadiens walijipatia zamu ya kwanza ya Seals, timu ya Oakland, California, ya mwaka uliofuata. Seals wakamaliza mkiani, na Juni 1971 Montreal wakaitumia zamu hiyo kumchukua Guy Lafleur, ambaye alishinda nao Kombe la Stanley mara tano. Siku ya mabadilishano yale Lafleur hakuwemo. Kilichotoka mkono mmoja kwenda mwingine ni nafasi kwenye foleni.

Nyumbani kwetu Ludara jambo hili halihitaji kamusi. Kwenye pampu ya maji madumu ya njano hupangwa mstari tangu alfajiri, na mwenye haraka humwomba jirani nafasi yake, akamrudishia kesho. Wanabadilishana zamu. Maji hayajatoka bado, wala hakuna anayesema ameuza maji.

Tuangalie sasa Kiswahili cha michezo. Mchezaji "ananunuliwa", "anauzwa", "anatolewa kwa mkopo", na yote hupita "dirishani". Mwaka 2017 Muhammad Shaban alipotoka Onduparaka ya Arua kwenda KCCA ya Kampala, kwetu ilisemwa ameuzwa, na tulisema kwa fahari. Rafiki yangu mmoja aliyesoma rasimu ya makala hii (hapa neno linafaa) aliniambia ni sitiari tu, kila mtu anaelewa.

Si kila mtu. Mdogo wangu alipochukuliwa na shule moja ya sekondari ili aichezee, kwa ahadi ya karo, mjomba alirudi kutoka soko la Ariwara na kutangaza kwa Kiswahili chake cha redioni: "Kijana wenu ameuzwa!" Mama aliweka chini ungo. Aliuliza nani kamuuza, na kwa nini yeye hakuambiwa. Tulicheka, tukamweleza. Lakini katika nchi hii ya mpakani, ambako wafanyabiashara wa watumwa kutoka Khartoum walifika katika karne ya 19, swali lake halikuwa la mtu asiyejua lugha. Alilielewa neno kuliko sisi.

Miezi minane baadaye mdogo wangu aliumia goti, akarudishwa nyumbani na deni la karo. Baba alitaka kuona mkataba. Haukuwepo. Lile neno "ameuzwa" lilikuwa limetufanya tuamini kuna makubaliano yaliyokamilika, kumbe kulikuwa na maneno ya mdomoni.

Linganisha na suala la Feisal Salum, Fei Toto. Desemba 2022 alitangaza kuondoka Yanga na kurudisha fedha ili kuvunja mkataba. Klabu ikakataa, na Januari 2023 kamati ya TFF ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Rais Samia aliwataka viongozi wa Yanga walimalize, na Juni 2023 akahamia Azam. Katika miezi ile waandishi wa Kiswahili waliandika kwa usahihi: mkataba, kipengele, kuvunja, fidia. Maneno yapo, basi. Huyatoa kabatini pakiwa na ugomvi tu, na ugomvi ukiisha hurudi kwenye kununua na kuuza.

Sitaki kulisifu mno neno "zamu". Lina upole unaoweza kudanganya. Kijana anayechaguliwa hakupanga foleni. Yeye ndiye maji. Mwaka 1991 Quebec Nordiques walimchagua Eric Lindros, akakataa kuwachezea, akakaa msimu mzima, mpaka 1992 alipopelekwa Philadelphia kwa kundi la wachezaji, zamu mbili za mzunguko wa kwanza na dola milioni 15. Hapo "zamu" haitoshi, kwani zamu ilikwisha tumika. Ningesema Quebec walikuwa na haki ya kumsajili, na hiyo haki ndiyo waliyoiuza. Ni maneno mengi kwa kichwa cha habari, najua. Ila yanamwachia Lindros nafasi ya kukataa ndani ya sentensi, jambo ambalo "aliuzwa" halifanyi.

Tafsiri yangu nimeiandika upya: "Klabu zabadilishana zamu za kuchagua vijana." Niliisoma kwa simu nyumbani. Mama aliuliza kama hao vijana wenyewe wameshaambiwa.