Kicheko na Sare: Makurutu wa Police Academy

Aghalabu wahakiki huzitenga ramsa za mzaha mtupu na uwanja wa uhakiki kwa hoja kwamba hazina dhamira. Mhusika askari mzembe ameathiriwa sana na msimamo huo, ijapokuwa ni wa kale. Shakespeare alimsawiri Dogberry katika Much Ado About Nothing, naye Mack Sennett akawatimua mbio askari wa Keystone katika filamu bubu kuanzia mwaka wa 1912. Police Academy, iliyoongozwa na Hugh Wilson na kutolewa Marekani mwaka wa 1984, ni ya ukoo huo. Ilichuma zaidi ya dola milioni 80 nchini humo na kufuatwa na nyingine sita kufikia 1994. Kazi iliyowachekesha watu wengi kiasi hicho haifai kupuuzwa. Inafaa iulizwe: kicheko chake kinamlenga nani?

Msuko wake ni sahili. Meya mpya wa jiji fulani anaondoa masharti ya kimo, uzito, jinsia, elimu na nguvu za mwili, na chuo cha polisi kinafurika watu ambao hapo awali wangerudishwa langoni. Mtayarishaji wake, Paul Maslansky, amesimulia kwamba wazo hili lilimjia San Francisco, alipowaona makurutu wa kila namna waliokuwa wamechukuliwa kwa sera ya aina hiyo. Kiini cha ramsa hii, basi, si uzembe pekee. Ni suala la nani anastahili kuvaa sare.

Wahusika wenyewe ni bapa, kila mmoja na sifa yake moja. Jones huiga milio ya mashine kwa kinywa. Tackleberry hajui ila bunduki. Hooks hunong'ona hata panapohitajika amri. Mahoney, aliyehiarishwa baina ya chuo na jela, ni wa jamii ya Sungura wa ngano: mnyonge wa cheo, mwingi wa hila. Anayekabiliana naye ni Luteni Harris, ambaye ameazimia kuwachosha makurutu hao mpaka waondoke wenyewe. Katika Le Rire (1900), Henri Bergson alidai kwamba kicheko huzuka pale binadamu anapotenda kama mashine. Kwa kipimo hicho, mashine halisi ni Harris, wala si Jones.

Ubora wa filamu unadhihirika katika tukio la gari. Hightower, jitu lililokuwa likiuza maua, linakabiliwa na mtihani wa udereva. Gari dogo analofanyia mazoezi halimtoshi. Anang'oa viti vya mbele na kuliendesha akiwa ameketi nyuma. Hadhira inacheka, lakini taswira hiyo imeshasema jambo zito: chombo kilitengenezwa kwa mwili mwingine, na anayekataliwa hana budi kukivunja ndipo aingie. Baadaye Copeland, kibaraka wa Harris, anamtukana Hooks kwa tusi la ubaguzi wa rangi. Hightower analipindua gari akiwa Copeland yumo ndani, na anayefukuzwa chuoni ni Hightower. Hapo mzaha umekuwa tashtiti.

Hata hivyo, filamu haiuhimili uzito huo. Copeland na mwenzake wanapohadaiwa kuingia baa ya Blue Oyster, kinachochekwa ni wanaume wanaocheza dansi wao kwa wao. Mzaha huo ulirudiwa katika filamu zilizofuata. Ramsa iliyoanza kwa kuwatetea waliodharauliwa inajitafutia wengine wa kudharau. Huu si upungufu wa adabu tu, bali ni upungufu wa kifani, kwa kuwa kicheko kimeigeuka dhamira yake.

Upungufu wa pili umo katika hatima. Kurutu Fackler anatupa tofaa nje ya gari la polisi. Linampiga mpita njia kichwani, ugomvi unazuka na kuenea hadi kuwa ghasia za mtaa mzima. Katika ghasia hizo sauti ya Hooks inapasuka kuwa amri, naye Hightower anamwokoa Harris kutoka mikononi mwa jambazi. Kisha inafuata sherehe, na Mahoney na Hightower wanatunukiwa nishani. Hakuna anayekumbuka tofaa. Kinaya cha polisi kusifiwa kwa kuzima moto waliouwasha wenyewe kimeachwa kipite kama mzaha mwingine wowote.

Police Academy inafaulu kuuliza nani aingie langoni, ikasita kuuliza sare humfanyia nini raia aliye nje ya lango. Kwa watunzi wa ramsa za askari, funzo limo katika tofaa lile: mwenye kulitupa akichekwa, naye aliyepigwa asisahauliwe.